Kitanda cha Siku ya Tatu

Babu yangu alitandika vitanda kwa muda wa miaka tisa, wala hakulala hata katika kimoja. Aliianza kazi hiyo mwaka 1958, katika hoteli moja ya mjini Nakuru iliyojengwa kwa ajili ya walowezi, akaiacha mwaka 1967 alipopata shamba dogo Njoro, ambako anaishi mpaka leo. Katika hoteli hiyo aliitwa boi, ijapokuwa alikuwa na mke na mtoto. Kila asubuhi, wageni walipokwisha kutoka, aliingia vyumbani mwao, akanyosha shuka, akakunja pembe zake, akapigapiga mito, kisha akatoka kimyakimya kama mwivi. Mwafrika hakuruhusiwa kulala humo. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 mlango ulifunguliwa kwa watu wote, walakini bei ya chumba haikupata habari za uhuru. Babu akaendelea kutandika.

Nimetanguliza habari za babu kwa sababu bila yeye kisa changu kingekuwa kisa cha mtu aliyelala vizuri siku tatu, na kisa kama hicho hakimfai msomaji kitu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili huko Njoro. Nilijifunza kazi hii katika chuo cha walimu, nami nimeifanya kwa miaka kumi na mmoja. Katika likizo ya Agosti mwaka 2023 nilialikwa, pamoja na walimu wengine wa lugha, kwenda Unguja kuhudhuria semina ya siku tatu. Furaha yangu haikuwa na kifani. Kwa miaka yote hiyo nimesimama mbele ya ubao nikiwafundisha vijana wetu kwamba katika mkutano uliofanywa Mombasa mwaka 1928 Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kwamba Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikishughulikia mpaka kikafika vitabuni. Nilifundisha hayo kama mtu anayesimulia sifa za chemchemi ilhali maisha yake yote amekunywa maji ya mtungini. Sasa nilikuwa nakwenda kuinama chemchemini kwenyewe.

Safari sitaieleza kirefu. Nilipanda gari mpaka Nairobi, treni mpaka Mombasa, basi lililovuka mpaka Lungalunga na kunichosha mgongo, kisha meli ya kutoka Dar es Salaam ambayo ilinitendea mambo ambayo mtu wa milimani hapendi kuyakumbuka. Nilishuka bandarini Unguja siku ya Jumatatu jioni, nguo zimekunjamana na kichwa kinazunguka. Tulipangiwa kulala katika nyumba ya wageni ya kawaida, yenye vyumba vidogo na feni ya darini. Tulipofika, watu wengine walikuwa wamekwisha ingia vyumbani mwetu. Daftari lilikosewa. Walioandaa semina waliona haya sana. Wakahangaika kupiga simu huku na huku, mwisho wakatugawa wane sisi tuliokosa nafasi. Watatu walipata nyumba za jirani. Mimi nilipelekwa katika hoteli kubwa iliyo karibu na bahari, tawi la kampuni yenye hoteli katika miji mingi ya dunia. Zipo zaidi ya moja za namna hiyo katika Mji Mkongwe, na hii sitaitaja jina, maana sina ugomvi nayo. Nilidokezwa bei ya usiku mmoja. Ilikaribia mshahara wangu wa nusu mwezi.

Kijana wa mapokezi alinikaribisha kwa Kiingereza. Nikamjibu kwa Kiswahili. Akatabasamu, akanijibu tena kwa Kiingereza, si kwa dharau, bali kwa sababu maneno yale alikuwa amefundishwa kwa mpangilio wake, mfano wa sala, na mtu aliyekatizwa katikati ya sala huanza tena mwanzo. Nilipewa kadi ya kufungulia mlango. Mlangoni palikuwa na kibao cha kuning'iniza, nacho kiliandikwa kwa Kiingereza kwamba nisisumbuliwe. Kila maandishi niliyoyaona, tangu ngazini mpaka bafuni, yalikuwa ya lugha hiyo. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika mji wa Kiunguja.

Chumba kilikuwa kizuri; kusema vingine kungekuwa uongo. Kitanda kilikuwa kipana kama uwanja. Taulo zilikuwa nyeupe kuliko daftari jipya. Walakini jambo moja lilinitatiza. Nilikuwa nimesoma kwamba katika nyumba za kale za pwani dari hushikiliwa na boriti, yaani miti ya mikoko, na kwa kuwa boriti haziwi ndefu sana, upana wa vyumba ulilazimika kuufuata urefu wa mti. Ndiyo maana vyumba vya mji ule ni virefu na vyembamba. Mikoko ndiyo iliyokuwa mhandisi. Basi nilivua viatu nikapima kwa hatua, ukuta hadi ukuta. Chumba kilikuwa na upana ambao hakuna mkoko ungeuziba. Nikaelewa kwamba ukuta wa nje, wenye chokaa na dirisha la mbao, ulikuwa sura tu. Nyuma yake palikuwa na saruji na chuma, na chumba ambacho kingeweza kuwa mahali popote.

Dirisha halikufunguka. Kiyoyozi kilivuma usiku kucha, na kwa kuwa sikujua jinsi ya kukipunguza, nilijifunika blanketi mpaka puani. Hebu fikiri, msomaji: nilitoka Njoro, mahali penye zaidi ya mita elfu mbili juu ya bahari, katika baridi ya Agosti ambayo huwafanya wanafunzi wangu waandike huku wamefumbata mikono kwapani, nikaja kutetemeka Unguja! Alfajiri nilisikia adhana kwa mbali sana, kama sauti ya mtu anayezungumza chini ya maji.

Nilipokuwa macho nikaanza kuiwazia hoteli yenyewe. Wazo la kuwa na chumba kimoja kinachorudiwa kila mahali lina watu wake. Mmoja wao ni mfanyabiashara wa Memphis, Marekani, aitwaye Kemmons Wilson. Mwaka 1951 alisafiri na mkewe na watoto wao watano, akachukizwa na nyumba za wageni za njiani, ambazo nyingine zilikuwa chafu, na zilitoza fedha za ziada kwa kila mtoto. Mwaka 1952 akafungua Holiday Inn yake ya kwanza, kisha nyingine na nyingine, ili msafiri akifungua mlango asikute jambo asilolitazamia. Kampuni nyingine zilifuata njia kama hiyo. Wakenya wenzangu wanaukumbuka mnara wa mviringo wa Hilton mjini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1969 na kufungwa mwishoni mwa mwaka 2022. Huko Ulaya kampuni hizi hupenda kuingia ndani ya vitu vya kale. Mjini Budapest, Hilton ilijengwa katika miaka ya 1970 kuzunguka magofu ya kanisa la watawa wa Dominiko. Mjini Venice kuna kinu kikubwa cha unga, kiitwacho Molino Stucky, ambacho mwaka 2007 kilifunguliwa kuwa hoteli. Kwa mtu wa Njoro, anayekaa kati ya mashamba ya ngano, habari ya watu kulala ndani ya kinu inachekesha kidogo.

Tusiwe wepesi wa kudharau. Mtu ambaye hajawahi kukataliwa mlangoni aghalabu huusifu utofauti wa nyumba na kuuchoka ufanano wake. Lakini mtu ambaye babu yake alikataliwa anajua faida ya nyumba isiyouliza wewe ni nani. Kijana wa mapokezi hakuniuliza kabila wala rangi, aliuliza namba ya pasi tu. Maneno yaleyale aliyoniambia mimi alimwambia Mjerumani aliyesimama nyuma yangu. Katika ufanano ule mlikuwa na haki fulani, nami niliipokea.

Siku ya Jumanne semina ilikwisha mapema, na mwalimu mmoja mwenyeji, mtu wa makamo na mcheshi, akanichukua kutembea. Tulipita vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja huombwa radhi na bega la mwenzake. Wazee walikuwa wameketi barazani, zile benchi za mawe zilizoungana na kuta za nyumba, wakizungumza na wapitaji pasipo kuinuka. Nilisimama kila baada ya hatua kumi kutazama milango ya nakshi yenye njumu za shaba, hata mwenzangu akanitania kwamba ananiogopa, asije akanikuta usiku nimebeba mlango mmoja kwenda nao bara. Tulifika Shangani, na huko akanionyesha jumba kubwa jeupe linaloelekea baharini.

"Jina lake Mambo Msiige," akasema.

Nilimwomba alirudie. Jumba lile lilijengwa katikati ya karne ya 19, na jina lake lasema lenyewe: enyi watu, haya mambo msiyaige. Inaonekana mwenyewe alijenga kwa fahari kiasi cha kuwaonya majirani wasijaribu. Baadaye lilikaliwa na wamisionari wa Kiingereza, likawa hospitali ya Wazungu, likawa na ofisi za serikali. Mwaka 2015 lilifunguliwa kuwa sehemu ya hoteli ya Park Hyatt. Kabla ya hapo Kamati ya Urithi wa Dunia ilikuwa imeonyesha wasiwasi kuhusu jengo jipya lililoongezwa ubavuni pake, maana Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000.

Nilicheka peke yangu. Nyumba iliyowakataza watu kuiga imekuja kukaliwa na biashara ambayo uhai wake wote ni kuiga! Nikamwambia mwenzangu hivyo, nikitarajia acheke nami. Hakucheka.

"Mwalimu," akasema, "wewe umeliona Beit al-Ajaib?"

Nilikuwa nimeliona siku ile ile, limezungushiwa mabati. Jumba hilo lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha.

"Lile hakuliiga mtu," akasema. "Lilikuwa letu, jumba la makumbusho, kila mtoto wa shule ameingia. Likaanguka. Nyumba ya mawe na chokaa inataka kupakwa, inataka kuzibwa dari kila masika. Mvua haiulizi kama nyumba ni urithi. Hawa wenye hoteli wana fedha, basi nyumba zao zimesimama. Mie sisemi wema wala ubaya wao. Nasema zimesimama."

Tukanyamaza kidogo. Nilimkumbuka Lord Egerton, ambaye jumba lake la mawe liko si mbali nasi. Alianza kulijenga mwaka 1938, likamalizika mwaka 1954. Lina vyumba 52, na limeigwa kutoka majumba ya mabwana wa Ulaya, kana kwamba mtu ameung'oa mlima wa kwao akaupanda katika mashamba ya Bonde la Ufa. Alikufa mwaka 1958, mwaka ule ule babu alipotandika kitanda cha kwanza. Siku hizi wanafunzi wangu huenda kulitembelea, na maharusi hupigia picha mbele yake. Kumbe hata kwetu tumejifunza kulipenda jambo lililoigwa, likikaa muda wa kutosha.

Niliporudi hotelini jioni nilikuta chumba kimetengenezwa. Kitanda kilikuwa kimenyoshwa bila hata mkunjo mmoja. Karatasi zangu, nilizoziacha zimetapakaa, zilikuwa zimepangwa juu ya meza, na kalamu mbili zimelazwa sambamba juu yake. Chini, kando ya kitanda, kandambili zangu zilizochakaa, moja ambayo imeshonwa kwa uzi wa gunia, zilikuwa zimewekwa pamoja, nyuso zake zikielekea mlangoni ili nikiamka nizivae bila kutafuta. Mtu nisiyemjua alikuwa ameinama akazishika kwa mikono yake. Niliona haya ambayo siwezi kuipa jina. Nilijilaza, nami nikamwona babu akitoka kimyakimya chumbani mwa mlowezi.

Wahenga wamesema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jumatano ilikuwa siku yangu ya tatu. Niliamka alfajiri, nikaamua kulishika jembe langu. Nikatandika kitanda kile kama babu alivyonifundisha nilipokuwa mtoto, kwa shuka za mtumba juu ya godoro la manyasi: vuta shuka mpaka ilalamike, kunja pembe kama bahasha, isukume chini ya godoro kwa kiganja kilichonyoshwa, wala si kwa vidole. Nikapiga mito. Nikasimama kando nikatazama, na nakiri kwamba nilijisifu. Niliona kana kwamba deni la miaka tisa nimelilipa kwa dakika kumi.

Baadaye mlango ukabishwa. Aliingia mama wa umri wa miaka hamsini hivi, amejifunga kilemba, na nyuma yake toroli lenye shuka na sabuni.

"Shikamoo, mama," nikasema. Kwetu bara salamu hii tunaifundisha darasani kuliko tunavyoitumia. Ulimi wangu uliitoa kama nguo iliyotolewa sandukuni.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe hujatoka? Basi nitarudi."

"Usirudi, mama. Kazi imekwisha. Nimeshatandika."

Akakitazama kitanda. Akanitazama mimi. Uso wake ulibadilika, na badala ya furaha niliyoitazamia niliona hofu.

"Kwani jana sikutandika vizuri?" akauliza.

Msomaji, nimewahi kuulizwa maswali magumu na wakaguzi wa shule, lakini hakuna lililonipiga kama hilo. Nilijikwaa katika maneno. Nikamweleza habari za babu, hoteli ya Nakuru, miaka tisa, na kwamba sikutaka mtu wa umri wa mama yangu ainame kwa ajili yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake umeshika toroli. Kisha akakisogelea kitanda, akaiinua pembe ya shuka kwa vidole viwili kama mwalimu anayeinua daftari la mwanafunzi mzembe.

"Babu yako alikuwa fundi," akasema. "Lakini pembe hii si ya hapa."

Akatoa kutoka kwenye toroli karatasi iliyofunikwa kwa plastiki. Ilikuwa na picha za kitanda, moja baada ya moja, na vipimo: mito miwili nyuma, miwili mbele, shuka ya juu ikunjwe kwa upana fulani, kitambaa cha rangi kilazwe miguuni. Msimamizi wake, alinieleza, hupita na picha kama hiyo mkononi. Kitanda kisipofanana na picha, hawaandiki jina la mgeni.

"Wewe kesho unaondoka," akasema kwa upole, "mie jina langu linabaki kwenye daftari. Na mkataba wetu ni wa miezi. Ukinitandikia kitanda, mwanangu, hujanipumzisha. Umeniongezea kazi ya kutandua."

Akavuta shuka zangu zote kwa mkono mmoja. Fahari yangu ya dakika kumi ikaanguka sakafuni kwa mkupuo.

Nilimwomba nimsaidie angalau hapo. Alisita, akachungulia ushorobani, kisha akasema, "Haya, nyanyua godoro upande huo." Nikaliinua. Sikuwahi kufikiri kwamba kitu laini kinaweza kuwa kizito namna ile. Mgongo wangu ulioumizwa na basi ulilia. Yeye aliinua upande wake huku anazungumza. Aliniambia vitanda vyake ni vingi kila siku. Aliniambia kwamba alizaliwa Shangani hiyo hiyo, nyumba ya tatu kutoka hotelini, orofa ya juu, chumba kimoja watu saba. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 serikali ilizitwaa nyumba nyingi za mawe, na watu kama wazazi wake wakapata kuingia. Siku hizi nyumba ile inauza vinyago na vitambaa kwa watalii. Yeye anakaa Ng'ambo, yaani upande wa pili wa hori ya zamani ambayo ilikwisha fukiwa, huja kwa daladala kabla ya jua kuchomoza, na hupita mbele ya mlango wa nyumba aliyozaliwa.

"Huumii?" nikauliza.

"Napita upesi," akajibu. "Nachelewa."

Kitanda kilipokwisha kilifanana na picha. Alikitazama mara ya mwisho, akaweka kandambili zangu mahali pake, nami sikuthubutu kumzuia.

Siku ya Alhamisi asubuhi nilimsubiri mlangoni na bakshishi niliyoweza. Aliipokea, akashukuru, akaitia katika mfuko wa koti. Kisha akaashiria karatasi ndogo iliyo mezani, ile ya wageni kuandika maoni yao.

"Kama unataka kunifaa," akasema, "niandike humo. Wanasoma. Taja jina langu."

Niliketi kwa furaha. Hili ndilo nililolijua! Nikaandika kwa Kiswahili, sentensi nne zilizopimwa vizuri, za sifa zisizo na chumvi. Nilimwonyesha. Akasoma polepole, midomo yake ikifuata maneno, uso ukamwangaza. Nadhani hakuwahi kusoma habari zake mwenyewe zimeandikwa hivyo. Akairudisha karatasi.

"Nzuri sana, mwalimu. Lakini andika kwa Kizungu. Wanaozisoma wako mbali."

Nilichukua karatasi ya pili. Ile ya Kiswahili aliiomba, akaikunja mara nne, akaitia katika mfuko ule ule wa bakshishi. Nikaandika kwa Kiingereza, katikati ya mji uliotupa lugha yetu sanifu, mimi mwalimu wa lugha hiyo, nikachunga makosa kwa uangalifu wa mtihani, kwa sababu nilijua kosa langu huenda likapunguza uzito wa jina lake. Sijui kama lilimfaa.

Nilifika Njoro Jumamosi. Mvua ilikuwa imenyesha, na ngano ilikuwa imesimama rangi ya kijani hadi kwenye ukingo wa msitu. Babu alikuwa ameketi nje amejitanda blanketi, kikombe cha chai mkononi. Yeye amepita miaka themanini, na masikio yake huchagua la kusikia. Nilimweleza bahari, nikamweleza Mambo Msiige, nikamweleza dirisha lisilofunguka. Hakusema neno. Nikamweleza kwamba nililala katika hoteli, hoteli kubwa kuliko ile ya Nakuru, katika kitanda kilichotandikwa na mtu mwingine. Sikumwambia mengine.

Alifikiri kwa muda mrefu. Nilidhani ataniuliza kama kilikuwa laini, au kama nilipata usingizi. Akaweka kikombe chini.

"Godoro," akauliza, "lilikuwa zito?"

Nikakumbuka kwamba yeye magodoro ya hoteli hajapata kuyajua kwa njia nyingine.

"Zito, babu," nikasema. "Nililiinua upande mmoja. Zito sana."

Akatikisa kichwa kukubali, akanyosha mkono kutafuta chai yake.